Bangili ya Kuruka Foleni

Wagdi alipomwapia Shangazi Inshirah kwamba wallahi lazima amnunulie bangili ya dhahabu, hakuwa na nia hata chembe ya kuinunua. Hilo tuliseme mapema, asije akasifiwa kwa ukarimu ambao hakuwa nao.

Ilikuwa Idi pili, saa za alasiri, na nusu ya Kairo ilikuwa imehamia kwenye bustani ya michezo nje ya mji, nusu nyingine ikiwa bado njiani. Wagdi, msugua vioo katika duka la miwani huko Shubra, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye ulimi mwepesi na pochi nyepesi zaidi, alisimama langoni na watu wawili. Wa kwanza ni Nahla, mchumba wake wa miezi minne, fundi wa kukata vitambaa katika kiwanda cha nguo. Wa pili ni Hajati Inshirah, shangazi yake Nahla, aliyetumwa na kaka yake, babaye Nahla, awe jicho la familia, naye alikuwa jicho lisilojua kupepesa. Katika miezi minne Wagdi hakupata kumwambia mchumba wake maneno kumi bila la kumi na moja kuwa la Shangazi.

Hapo awali jambo hilo halikumkera sana. Lakini kwa wiki mbili sasa Nahla alikuwa amebadilika. Simu alipokea, salamu aliitikia, ila kila alichoulizwa jibu lake lilikuwa moja: "Sawa." Mapazia ya kijani? Sawa. Wageni mia mbili? Sawa. Mwanamke akikujibu sawa mara tatu mfululizo, ndugu yangu, jua hapo hakuna kilicho sawa. Na ndoa ilikuwa ifungwe Alhamisi, siku tano tu mbele. Wagdi alikuwa na swali moja la kumuuliza kabla ya siku hiyo: wewe unanitaka, au ananitaka baba yako? Swali la pumzi moja. Lakini haliulizwi mbele ya Shangazi, ambaye angelifikisha nyumbani likiwa bado linatoa moshi.

"Pasha! Karibu, Pasha!" kijana wa kibanda cha tiketi alimwita. "Kuingia mia tatu kila mtu. Ukitaka bangili ya dhahabu unaongeza mia nane. Hupangi foleni, unapita mlango wako, unapanda hata mara ishirini. Watu wa maana wote wanavaa hii."

"Na wasio wa maana?"

"Hao wanasimama pale."

Pale palikuwa na foleni ya Afriti, treni ya juu ya vyuma ambayo hukupandisha polepole kama mgonjwa kisha hukumwaga kama maji machafu. Foleni ilijikunja na kujikunjua kati ya kamba, na kwenye mkia wake palikuwa na bango: *Kuanzia hapa, dakika mia moja.*

"Mia nane kwa ukanda wa karatasi," alisema Wagdi. "Kwa bei hiyo napata kuku wanne, tena wa kunisalimia kwa jina."

Shangazi Inshirah alikwisha kulisoma bango. Akashika goti moja, akashika la pili, ili wote waone yapo mawili.

"Dakika mia? Kwa magoti haya? Hapana, wanangu. Tukae benchi lile, watatu sisi, tutazame wenzetu wanavyopiga kelele. Nayo ni burudani."

Benchi lenyewe lilikuwa fupi, na Wagdi hakuhitaji kuuliza nani angekaa katikati. Aliona Idi yake inazama mchana kweupe. Na kwa kuwa moyo ulikuwa umeshuka, mdomo ukapanda, kama kawaida yake.

"Haiwezekani, Shangazi. Wewe ukae benchi na mimi nipo hai? Nakununulia bangili."

Alisema hivyo akiwa ametulia tuli. Kila aliyelelewa Kairo anaujua mwaliko wa nahodha: yeye yuko katikati ya mto anakula, wewe uko ukingoni, anakupungia mkono, "Njoo tule!" Anajua huwezi kuja, na wewe unajua anajua, na heshima imetimia pande zote. Mama wa heshima hukataa mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili kwa huruma, na ya tatu kwa dua, mambo yakaisha hapo.

"Haki ya Mungu usijisumbue, mwanangu," alisema Shangazi. Hiyo moja.

"Wallahi nakununulia."

"Usiape, bwana harusi. Wewe una gharama zako." Hiyo mbili.

"Wallahi al-adhim, Shangazi!" Wagdi aliongeza sauti ili na watu wa nyuma wausikie utu wake.

Hapo ndipo ilipotakiwa dua. Badala yake Shangazi Inshirah aligeuka akautazama mlango wa dhahabu, ambako mama wa rika lake, mnene kumzidi, alikuwa anapita kama mke wa waziri. Akatazama foleni. Akatazama mlango. Akanyoosha mkono.

"Basi, kwa kuwa umekwisha kuapa, sitaki ubebe dhambi ya kiapo siku ya Idi. Nifungieni huu wa kulia, ule una saa."

Karatasi ikafungwa, trak! Mia nane zikaenda. Kwenye pochi ya Wagdi zilibaki noti za kuwalisha watu watatu maharage na kuwarudisha mjini, wakikaa kwa adabu.

"Na bibi harusi, Pasha?" aliuliza yule kijana, kwa sauti ya mtu asiye na adui duniani.

Wagdi alihisi masikio yanaiva. Kumnunulia shangazi ukamwacha mchumba! Habari hiyo ingefika kwa baba mkwe kabla yao.

"Mimi sitaki," alisema Nahla. "Mimi napenda foleni."

Wagdi akamgeukia. Hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima katika wiki mbili.

Shangazi alipotambua kwamba atapanda peke yake, alitaka kumvisha Nahla ile bangili. Kijana akamwambia haivuki mkono, ikikatwa, imekufa. Ukawa mtihani mzito. Upande mmoja heshima ya familia, upande mwingine mia nane kutupwa jalalani.

"Israfu ni haramu," aliamua hatimaye. "Naenda mara moja narudi. Ninyi simameni hapo penye watu. Shibiri moja kati yenu, wazi, niuone mwanga ukipita. Umenisikia, bwana harusi?"

"Nimekusikia, Shangazi. Hata mbili nikipata nafasi."

Akaondoka akisoma Ayatul Kursi, akapita mlango wa dhahabu bila kutazama nyuma.

Nao wakasimama mkiani. Wagdi hakuamini. Dakika mia, hadharani, watu mia tatu wakiwa mashahidi, na hakuna sofa, hakuna sinia la chai, hakuna wa katikati. Kama ile bangili ingekuwa na bei ya elfu, angeinunua kwa kukopa.

Tatizo, ulimi uliokuwa mwepesi tangu azaliwe ukawa mzito kama tofali. Akaanza na mizaha. Akamwonyesha Nahla mtu aliyefunga mkanda juu ya kitambi, akasema yule amekuja na treni yake mwenyewe. Nahla akasema, "Sawa." Akamwambia miwani ya yule kijana wa tiketi ilisuguliwa na mtu anayemchukia. "Sawa."

Nyuma yao alikuwa Bwana Mitwalli, dereva wa lori, aliyejitambulisha bila kuombwa, na mfuko wa mbegu za maboga alizozipasua bila kupumzika. Yeye alikuwa na fatwa yake kuhusu bangili.

"Ujinga mtupu. Unalipa mara mbili ili uondoke mapema zaidi! Mimi mke wangu na watoto wako kwenye vigari vya kugongana, nimewaambia nawashikia nafasi. Unajua nilivyopumzika humu? Humu ndimo Idi yangu."

Kabla Wagdi hajamjibu, vyuma vilinguruma juu yao, treni ikapasua hewa, na kutoka mawinguni ikashuka sauti ya Shangazi Inshirah:

"Shibiriii!"

Foleni nzima ikatazama juu. Wagdi akaruka hatua moja kando kama aliyekanyaga kaa la moto. Bwana Mitwalli akaacha kutafuna.

"Huyo ni nani?"

"Ukwe," alisema Wagdi.

Nahla akauma ncha ya mtandio wake, mabega yakimcheza. Alikuwa anacheka. Wagdi akapata nguvu, akafungua mdomo aulize, na papo hapo foleni ikasogea. Sasa ilisogea kwa kasi ya ajabu, watu kumi kwa mpigo, kama iliyotumwa kumkomoa. Bango la dakika sitini likapita. Likaja la hamsini. Wagdi akageuka akamwambia Bwana Mitwalli, "Pita, kaka, pita mbele." Akapita. Akampisha mama mwenye mapacha. Akapisha kundi zima la vijana wa chuo. Akampisha mzee aliyekuwa amekuja kuuliza tu choo kiko wapi.

Treni ikarudi juu. "Wagdiii! Mikonooo!"

"Iko mfukoni, Shangazi!"

"Wagdi," aliita Nahla. "Tumesimama dakika arobaini na tumerudi nyuma. Unafanya nini?"

Ukibanwa namna hiyo ama unasema kweli ama unafanya mzaha. Wagdi alitafuta mzaha, akaukosa.

"Nainunua foleni," alisema. "Tukifika mbele tutapanda, tutashuka, na Shangazi atakuwa chini anatungoja. Na mimi nina swali. Wiki mbili unanijibu sawa, Nahla. Alhamisi nikae mbele ya maadhuni atufungishe ndoa, nimpe baba yako mkono, na sijui kama aliyenikubali ni wewe au ni yeye. Kama ni yeye, niambie leo. Sitamlaumu mtu."

Nahla alikuwa anaizungusha pete ya uchumba kidoleni.

"Wewe nilikukubali mimi," alisema. "Wa kabla yako mmoja aliniuliza mshahara, mwingine alimwuliza baba kama nakoroma. Wewe uliuliza kama mkasi wangu ni wa mkono wa kushoto. Nilikukubali siku hiyo hiyo. Sijui kama nimewakubali wote wanaokuja pamoja nawe."

"Wote nani? Nakuja peke yangu. Mpaka suti ni ya kuazima."

"Basi endelea na mizaha yako," alisema Nahla, na uso ukafunga.

"Samahani. Sema."

"Vikombe," alisema.

"Vikombe gani?"

"Nilipokuja kupanga jiko letu. Vile vikombe vya maua vilikuwa vya marehemu mama. Niliviweka rafu ya juu kabisa, mwenyewe, nimepanda stuli. Siku tatu baadaye nakuja na sufuria, nakuta vikombe viko chini kando ya jiko la gesi, sahani zimehama, na chumvi imewekwa nilipoweka sukari. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri. Mama yako ana ufunguo, Wagdi. Anaingia. Leo vikombe. Kesho nimelala."

Fleti yao ilikuwa juu ya ile ya mama yake, ngazi ishirini na mbili, na ufunguo wa pili ulikuwa shingoni kwa mama tangu fundi alipouchonga. Wagdi hakuwahi kuliona hilo kuwa ni jambo. Kwa mama yake, mlango wa mwanawe ulikuwa mlango wake.

"Kuna kitu lazima nikwambie," alisema. "Siku ile alipohamisha vikombe... mimi ndiye niliyeshika stuli."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mama yako hafiki rafu ile bila mtu wa kumshikia stuli. Na wewe huwa unaacha alama za vidole vya mtu aliyekula taamia, bajia zenye mafuta."

Bwana Mitwalli, ambaye naye alikuwa amewapisha wote abaki mbele yao tu, na mgongo wake ulikuwa umejaa masikio, alikohoa. "Kaka, samahani kuingilia. Hapo huna utetezi."

Wagdi alitazama foleni, akatazama viatu vyake, akatazama mbingu, ambako kwa bahati Shangazi hakuwepo. Katika maisha yake alikuwa amembishia mama yake mara moja tu, akiwa na miaka tisa, kuhusu bamia. Alishindwa. Akapiga moyo konde, akatoa simu.

Simu yenyewe spika yake ilikuwa mbovu, haikujua kunong'ona.

"Mama, Idi njema."

"Umenipa asubuhi, mwanangu. Umekula?"

"Nitakula. Mama, ule ufunguo wa fleti ya juu..."

"Ninao shingoni. Mmefungiwa nje?"

"Hapana. Naomba unirudishie jioni."

Upande wa pili kijiko kikaacha kuzunguka kwenye glasi.

"Ni vile vikombe," alisema mama. "Nilivishusha kwa sababu yule binti ni mfupi, maskini, asije akaanguka. Nimefanya uovu?"

Nahla alijinyoosha kidogo, kuongeza urefu.

"Vikombe si kitu, Mama. Kuingia ndiko kitu. Ule ni mlango wa Nahla. Utabishwa hodi."

"Na mimi?"

"Na wewe."

"Nimekubeba miezi tisa, nikakunyonyesha miwili, miaka namaanisha, leo nibishe hodi kama mtu wa kusoma mita ya gesi!"

Mama wa mapacha, mbele kule, hakuweza kuvumilia. "Mama yako ana haki yake, kijana!"

"Ana haki ya kubisha!" alijibu Bwana Mitwalli. "Kaka, kaza hapo hapo! Mimi sikukaza, ndiyo maana naishi kwenye foleni!"

"Nani hao?" aliuliza mama. "Wagdi, uko na baraza la mawaziri?"

"Mama, nisikilize." Wagdi aliishika simu kwa mikono miwili. "Ukibisha utafunguliwa kabla hujashusha mkono. Chai utaikuta. Lakini utabisha. Na mimi pia nikiona taa yake imezimwa, nitaingia kwa kunyata. Ndivyo nyumba yetu itakavyokuwa."

Treni ikapita, Shangazi akapiga kelele, ila safari hii ilikuwa ya furaha tupu, haikuwa na jina la mtu.

"Na nikibisha akawa anaoga?" aliuliza mama.

"Utangoja kidogo."

"Kama mtu wa gesi."

"Kama mtu wa gesi anayependwa."

Mama akacheka. Hakutaka, lakini kilimtoka. "Mtoto wa haramu we. Utaukuta mezani, chini ya sahani ya biskuti. Na mwambie huyo mfupi wako vikombe avirudishe anapotaka, ila sukari karibu na chumvi ni balaa, hilo nalisema kwa wema." Akakata.

Wagdi alirudisha simu mfukoni. Foleni ya karibu ikapumua. Mtu alipiga makofi mawili, akaona haya, akaacha.

Nahla hakupiga makofi. Alimtazama tu, muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata, akikadiria ni wapi kitavutika na wapi kitashika.

"Alhamisi usichelewe," alisema. "Baba akianza kungoja, huanza kufikiri."

Wagdi alitaka kusema kitu, na kwa mara ya pili siku hiyo akakosa mzaha. Aliona hata hauhitaji. Akasema tu, "Nitafika kabla ya maadhuni."

"Na suti usiazime. Nitakukatia."

Hapo ndipo kamba ilipotikisika, na chini yake ukatokea mtandio uliopinda, kisha miwani iliyopinda, kisha Shangazi Inshirah mzima, akihema, mashavu yamewiva kama ya msichana.

"Mara saba!" alitangaza. "Saba! Ule mteremko wa mwisho nilimwona marehemu mume wangu, akaniambia rudi." Akashika kiuno. "Lakini sikilizeni niwaambie, hii bangili ni wizi. Unaingia, unafungwa mkanda, unarushwa, unatolewa. Kule ndani wote wanatazama simu. Mara saba, na sijajua hata jina la mtu. Ninyi hapa naona mmeshafahamiana na nusu ya Misri." Akautazama mfuko wa Bwana Mitwalli. "Hizo mbegu ni za chumvi?"

"Hajati, wewe una mlango wako," alisema Bwana Mitwalli, lakini tayari alikuwa anamjazia kiganja.

"Mlango wangu hauna watu." Alipasua ya kwanza, akalitema ganda kwa ustadi. "Nikiwa juu niliona kundi limekusanyika hapa, huyu ameshika simu, wewe unarusha mikono. Kuna nini? Nani kapiga nani?"

Wagdi na Nahla wakatazamana.

"Hajati," alisema Bwana Mitwalli, akiusogeza mfuko katikati yao wawili na kuuweka mgongo wake vizuri kwenye kamba, "hiyo habari ni ndefu, na nitakuanzia mwanzo kabisa. Kulikuwa na vikombe."

"Vikombe gani?"

"Vya maua," alidakia mama wa mapacha, akirudi nyuma hatua tatu na kupoteza nafasi yake bila kujali. "Lakini mwambie na upande wa mama mtu, usimwambie wa kwako tu!"

Wakaanza, wote kwa pamoja, wakikatizana, wakisahihishana, na Shangazi katikati yao akiuliza maswali ya hakimu, amewapa wachumba mgongo. Mbele yao njia ilikuwa imefunguka mpaka kwenye geti, tupu, na kijana wa treni alikuwa anapunga mkono: "Wawili! Nina siti mbili za mbele! Nani anakuja?"

Hakuna aliyemsikia. Nahla alinyoosha mkono, akachota mbegu kwenye mfuko, akazigawa sawasawa, nusu kwake, nusu kwenye kiganja cha Wagdi.